Maji ya Kikowe

Mwezi uliopita niliitwa Kitui kwa mahojiano ya kazi. Nilifika mapema mno, kama kawaida yangu, mapema kiasi kwamba askari wa lango aliniangalia kama mtu aliyekuja kupeleleza mahali. Akaniambia nikangoje kule nyuma, karibu na mfereji wa maji. Mfereji huo ulikuwa unavuja, na pale maji yalipodondokea, katikati ya kokoto, kilikuwa kimeota kikowe. Maua yake yalikuwa bado wazi kwa sababu jua halikuwa limepanda. Sijui vidole vyangu viliamua saa ngapi. Nilishtukia nimeshachuma kile kikombe cha kijani kinachoshika ua, nimekibinya, na ute wake baridi unaniteremkia kiganjani. Papo hapo nikaitwa ndani. Niliwaamkua watu watatu kwa mkono wenye utelezi, na yule mama aliyeketi katikati akajipangusa kwa kitambaa chini ya meza.

Kazi sikupata. Nimewaza sana kama ni kwa sababu ya ule mkono. Rafiki zangu wananiambia hakuna anayenyimwa kazi kwa utelezi wa mkono, lakini wao hawakuona vile yule mama alivyojipangusa. Basi, hayo yameisha. Kitu ambacho hakijaisha ni ile harufu, ya majani mabichi na udongo uliolowa, ambayo nilirudi nayo nyumbani na nikalala nayo, na nikaamka nikimtaka susu kama mtu anavyotaka maji.

Kama ulikulia upande wetu unakijua kikowe, hata kama jina limekutoka. Ni yale majani laini yanayotambaa shambani mvua ikishanyesha, yenye vinywele vyekundu pale jani linapokumbatia shina, na ua la buluu lenye petali mbili zilizosimama kama masikio ya panya. Hufunguka asubuhi na mapema. Ukija saa sita hulikuti, limeshajikunja likarudi ndani ya kikombe chake. Huota popote udongo uliposumbuliwa kisha ukanyweshwa: kwenye mtaro wa matuta, chini ya migomba, kando ya njia ya ng'ombe. Mvua ikikatika hukauka kikaisha kabisa, ikirudi kinarudi. Sungura wanakipenda kuliko kitu chochote. Wenye mashamba hawataki hata kukisikia.

Susu ni bibi kwa Kikamba, na huyu wangu ni mama yake baba. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko kati ya Tawa na Kikima, mahali ambapo ukisimama mlangoni asubuhi unaona ukungu umelala bondeni na vilele vya milima vimetokeza juu yake. Wazazi wangu walikuwa wamepanga chumba Emali, kando ya barabara kuu, na vumbi la malori lilikuwa limenipa kikohozi kisichoisha. Wakaamua nikakae kwa susu mpaka kifua kikauke. Kifua kilikauka upesi sana. Nikajifunza kukohoa kidogo kila mama alipopiga simu, na susu, aliyekuwa ameketi hapo akisikia yote, alikuwa akitazama pembeni.

Nasema akitazama, lakini macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu kabla sijafika. Katikati ya kila jicho kulikuwa na kitu cheupe kama tone la maziwa. Tukienda kanisani aliweka mkono begani mwangu na kuimba njia nzima, ili watu wadhani anatembea polepole kwa sababu ya wimbo. Nyumbani hakuhitaji bega. Kila kitu kilikuwa mahali pake: jiko, mtungi, mlango, kamba ya mbuzi. Alipita katikati yao kama mtu mwenye macho manane.

Krismasi ile, Anko Mutuku, mdogo wake baba, alikuja kutoka Wote, ambako ana duka la mabati na misumari. Susu akamwandalia chai. Nilikuwa nimekaa karibu nao na nikaona chai ikimiminika kando ya kikombe, ikajaza sahani, ikaanza kutiririka mezani, naye susu anaendelea kumwaga huku akiuliza habari za barabara. Anko akaushika mkono wake.

"Mama, macho haya ni ya hospitali."

"Hospitali ya macho alienda nani akarudi?" susu akasema. "Wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha kama nyanya. Wakilikosea kulirudisha je?"

"Nani amekudanganya hivyo?"

"Mama Kioko."

"Mama Kioko amesomea macho wapi? Sikiza, mama. Pasaka nikija, kama mambo ni haya, tunaenda Wote. Utakaa kwangu. Huyu mdogo atarudi kwa mama yake. Shamba litangoja."

"Shamba lingoje?" Susu alicheka. "Tangu lini shamba likajua kungoja mtu?"

Mimi sikucheka. Nilienda nje nikajificha nyuma ya banda la mbuzi, nikaona chumba cha Emali, lori nyuma ya lori, na susu peke yake katika nyumba asiyojua mlango wake uko wapi. Nilikuwa mtoto wa kuwaza hata wakati huo. Watoto wengine wakisikia jambo baya hulia likaisha. Mimi nilianza kutafuta njia.

Njia niliipata kwa akina mama wa mwethya. Mwethya ni kile kikundi cha kusaidiana, wanalima kwa huyu leo, kesho kwa yule, na wiki ile zamu ilikuwa ya susu. Walikuja na majembe yao na kelele zao, wakapanga mstari kutoka mtaro hadi mtaro. Niliona kwamba magugu mengine waliyang'oa na kuyatupa hapo hapo, lakini kikowe walikibeba. Walikining'iniza kwenye matawi ya mbaazi, walikianika juu ya mawe, mizizi ikiangalia juu.

"Kwa nini hiki hamkiachi chini?" nikamuuliza Mama Kioko, jirani yetu, aliyekuwa na sauti ya kusikika mpaka Tawa.

"Hiki? Ukikiacha chini jioni, kikipata umande, asubuhi kinakusalimia. Kikatekate, kila kipande kinakuwa mtu mzima. Hakifi hiki, mtoto. Hiki hata ukikipeleka mahakamani kinashinda kesi."

Wengine wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Si ndicho tulikuwa tunakamuliwa machoni tukiwa wadogo? Macho yakiwa mekundu?"

"Ndicho," akasema susu, ambaye alikuwa anapalilia kwa vidole, amepiga magoti, akitofautisha mhindi na gugu kwa kugusa. "Mama yangu alinikamulia hicho. Maji yake ni baridi mpaka kisogoni."

Basi yote yalikuwa yamesemwa, na mtu mzima yeyote aliyekuwa pale aliyasikia kama mazungumzo ya shambani. Mimi niliyasikia tofauti. Kitu ambacho hakifi kina maji. Maji hayo hutiwa machoni. Macho ya susu yanakufa. Sikuelewa ni vipi watu wazima wengi hivyo walikuwa wamesimama katikati ya dawa, wanaianika juu ya mawe.

Kesho yake niliamka kabla ya jogoo kutulia, nikaenda kwenye mtaro na mkebe mtupu wa majarini. Umande ulinilowesha mpaka magotini. Nilichuma vile vikombe pamoja na maua yake, nikarudi mbio, nikamkuta susu ameketi kwenye benchi la nje akifunga leso.

"Lala chini, susu."

"Nilale? Nimekufa?"

"Nataka kukutia kikowe."

Alimaliza kufunga leso. Halafu akajilaza juu ya gunia, taratibu, akalalamika mgongo, akafungua macho yake meupe kuelekea mbinguni. Nilipiga magoti juu ya kichwa chake. Ukikibinya kikombe cha kikowe kwa chini, tone linapanda, linasimama ukingoni likitetemeka, zito kama ute wa yai, na inabidi uwe mpole sana. Nilikuwa mpole kuliko nilivyowahi kuwa tena. Tone likaanguka.

"Aiya! Baridi!"

"Usifumbe!"

"Sijafumba. Ni jicho limefumba."

Nilimtia la pili. Nikangoja. "Sasa?"

Aligeuza kichwa huku na huku. "Sasa," akasema polepole, "naona kama jogoo."

Nilipiga kelele nikakimbia nikizunguka nyumba.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya shule ilikuwa hivyo. Wiki ya kwanza aliona jogoo. Halafu akaona mlima wa ng'ambo. Halafu, siku moja ambayo nilienda shule nikiwa nimesimama wima kama mkuu wa polisi, aliona bati la kanisa liking'aa. Nimeyapitia haya yote kichwani mara nyingi, na kila nikiyapitia yanapungua. Jogoo alikuwa anawika. Mlima haujawahi kuhama. Bati la kanisa saa hizo huwaka jua likilipiga, na mtu aliyeishi hapo miaka yote hiyo angejua bila hata kuwa na uso. Lakini wakati ule sikujua kuhesabu hivyo. Nilijua tu kwamba ukungu unaondoka, na Pasaka inakuja, na mimi ndiye ninayeshinda.

Mvua ikakatika. Kikowe cha kwenye matuta kikawa cha manjano, kikawa kama nyuzi, kikaisha. Nikawa nateremka mpaka kwenye chemchemi, chini kwenye migomba na nduma, ambako udongo hukaa mweusi mwaka mzima, na huko nacho kikaanza kuadimika. Asubuhi moja sikupata ua hata moja. Nikachimba kwa kijiti nikidhani labda maji yameingia mizizini. Nikakuta kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza. Chini ya udongo, kwenye vijishina vyeupe vilivyoingia gizani, kikowe kilikuwa kimechanua huko pia. Si maua ya buluu. Vilikuwa vifuko vidogo, vyeupe, vimefumba, kama macho ya kitoto cha paka.

Nilimpelekea susu kiganjani. Alivigusa kimoja kimoja.

"Nimeking'oa hiki maisha yangu yote," alisema. "Sikujua kinaficha wengine chini."

"Kinaona gizani, susu."

"Kumbe." Aliendelea kuvigusa. "Basi leo nitie hiki."

Havikuwa na maji. Nilivibinya vikapasuka tu, vikaacha mchanga kwenye shavu lake. Alisema aliona kitu, lakini hakusema ni nini, nami kwa mara ya kwanza sikukimbia kuzunguka nyumba.

Mvua za Pasaka zilianza siku chache kabla Anko hajafika. Kikowe kilikuwa kimeshatokeza kwenye mtaro, kijani kibichi, kikiwa hakina maua bado. Gari lake lilipopanda mteremko nilikuwa nimeshafagia uwanja mara mbili. Alishuka na mkate na sukari, akaning'iniza kofia yake kwenye nguzo ya ua, akanawa uso.

"Mama mdogo," aliniambia, maana nina jina la susu, na kwetu hiyo hunifanya mama yake kwa mzaha, "umenitunzia mama mkubwa?"

"Amepona," nikasema.

"Amepona?"

"Anaona. Anaona mpaka kanisani. Muulize."

Susu alikuwa ameketi barazani. "Mutuku, keti kwanza unywe kitu."

"Nimwulize?" Anko alikuwa anatabasamu. Aliinua mkono mbele ya uso wake. "Mama, vidole vingapi?"

"Umetoka Wote kuja kunihesabisha vidole? Vidole hivyo nilivizaa mimi. Kaa chini."

Niliona Anko haridhiki, na nikaona kwamba yeye anamharibia kwa maswali yake ya kijinga. Nilitaka tu aone nilichokuwa nikikiona kila asubuhi. Nikakimbia nikachomoa kofia kwenye nguzo, nikaenda mpaka ukingo wa tuta la pili, si mbali, hatua za mtoto, nikaiinua juu kabisa kwa mikono miwili.

"Susu! Nimeshika nini?"

Susu alicheka. Kicheko chake kile cha kunipenda. "Si kikowe chako? Kila siku wewe ni kikowe."

Nilikuwa nimeinua mikono. Kofia ilikuwa nyeusi, kubwa, mbingu yote nyuma yake. Sikumbuki nilifikiri nini. Ninachokumbuka ni uso wa Anko, tabasamu likianza kumtoka, macho yake yakitoka kwenye kofia yakaja kwangu.

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Ndiyo, susu! Ni kikowe!"

Kicheko cha susu kikakatika. Mtu asiyeona vizuri husikia vizuri, na yeye sauti yangu aliijua kama alivyojua mahali mtungi ulipo. Alikaa hivyo, kichwa kimeinama upande.

"Mutuku."

"Naam, mama."

"Huyu mtoto ameshika nini?"

Anko alinitazama tena. Kofia ilikuwa yake.

"Kikowe, mama," akasema.

Susu akatikisa kichwa polepole. "Sasa mko wawili," alisema. Akainuka, akaingia ndani akipapasa ukuta, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya, na tukamsikia akifungua sanduku lake. Alitoka na leso mbili na Biblia ambayo alikuwa hawezi kuisoma tena. "Twende kabla sijaghairi," akamwambia Anko. "Mtoto wangu akianza kunidanganya ili nibaki, basi nimekaa kupita kiasi."

Walinipeleka kwa Mama Kioko, na baada ya siku mbili mama akaja kunichukua.

Jicho halikutolewa wala kuoshwa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ugonjwa wa kawaida wa wazee, wakamfanyia upasuaji wa jicho la kulia, halafu la kushoto. Muuguzi alimwambia asirudie kutia majani machoni, na susu, kwa jinsi Anko alivyosimulia, akamjibu kwamba yeye hakutia kitu, alitiwa na daktari wake wa kwanza. Likizo ya Agosti nikaletwa Wote kumwona. Alikuwa amesimama mlangoni mwa Anko, na alinitazama kutoka mbali, wakati ningali barabarani, akanifuata kwa macho hatua kwa hatua mpaka nikafika. Hajawahi mtu kunitazama hivyo. Akashika kidevu changu.

"Kumbe umefanana na mimi," alisema. "Pole sana."

Nilikuwa nimekuja na nguo zangu zote, kwa sababu nilidhani tunarudi nyumbani. Nilikuwa nimeipanga hesabu yangu tena: macho yamepona, sababu ya kuondoka imeisha, basi tunarudi. Lakini mke wa Anko alikuwa amejifungua mapacha, na susu aliyeona alikuwa susu wa kufaa. Aliogesha watoto, alichambua mchele, alisoma Biblia yake kwa sauti. Nani angemruhusu aondoke? Wakasema likizo ijayo. Likizo ijayo wakasema ijayo. Shamba likakodishwa kwa mtu aliyepanda ndengu, na nasikia analima vizuri, na kwamba kikowe hakimpi raha.

Kila mtu alisema tumebarikiwa, nami nilisema hivyo pia, na ni kweli. Lakini nilikuwa nikiketi kwenye kochi la Anko nikimwangalia susu akitunga uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu, bila kumwita mtu, nikajihisi nimeachishwa kazi ambayo sikuwa nimejua ninaipenda. Sisemi nilitaka awe kipofu. Nilitaka lile benchi, lile gunia, ule ukungu bondeni, na uso wake umegeukia juu, unaningoja. Nimesoma mpaka chuo kikuu nikitafuta kitu kingine cha kufanana na hicho, na sijui kama kipo kwenye matangazo ya kazi.

Susu yupo bado. Ni mzee sana, na sasa ni miguu inayomsumbua. Wiki iliyofuata ile safari ya Kitui nilienda Wote, nikamkuta uani akimenya mbaazi, nikavuta kigoda. Tukamenya pamoja. Nimekuwa na swali moja kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi nimejiambia halina maana, kisha nikajiambia lina maana mno.

"Susu, zile asubuhi za kikowe. Ulikuwa unaona kitu kweli?"

Hakuacha kumenya. "Nilikuwa naona giza limeinama juu yangu, linapumua kwa mdomo kama ndama."

"Na jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Ulisema unaona jogoo."

Akacheka mpaka mbaazi zikamwagika kutoka mapajani. "Yule jogoo na kelele zake! Nani hangemwona?"

Niliziokota mbaazi moja moja. "Basi kwa nini hukuniambia hayo maji hayafanyi kitu?"

Alinitazama kwa yale macho yake mazima.

"Nikuambie," alisema, "halafu asubuhi angekuja nani?"